Kupiga Pasi Mishono ya Mfarishi

Katika nchi ya Kibosho, juu ya mji wa Moshi, kuna majira ambayo mtu hawezi kulala bila kujifunika vema. Mwezi wa Juni na wa Julai ukungu hushuka kutoka msituni, majani ya migomba hudondoka maji mpaka jua lipande, na mtoto aliyelala upande wa ukutani huvuta blanketi ambalo nduguye naye analivuta upande wa pili. Blanketi lina bei yake, wala si kila nyumba iwezayo kununua la pili. Lakini tazameni chini ya meza ya fundi cherehani, huku mlimani au kule sokoni Moshi: sakafu imejaa vipande vya kitenge, vya khanga na vya bafta, navyo jioni hufagiliwa na kutupwa. Vipande hivyo vikiungwa kwa akili huwa mfarishi.

Mfarishi ni nguo ya kujifunika au ya kulalia yenye tabaka tatu: juu nguo, chini nguo, na katikati pamba au blanketi kuukuu, zote zikashikwa pamoja kwa mishono. Hapa twataka kusema habari ya ile tabaka ya juu, iliyoungwa kwa vipande vingi. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi hiyo yote ni ya sindano. Sivyo. Nusu yake ni ya pasi, na nusu hiyo ndiyo ambayo wanafunzi huiruka kwa haraka, halafu hushangaa kuona kazi yao imepinda kama jani lililokauka.

Kuunga vipande vya nguo si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Khanga yenyewe, husimuliwa, ilianza hivyo. Katika karne ya 19 wanawake wa Unguja walinunua leso zilizokuja zimechapwa mfululizo katika jora moja, bado hazijatengwa. Walikata leso sita, tatu na tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Baadaye wafanya biashara waliagiza nguo zilizochapwa nzima, zisizo na mshono katikati. Lakini watu wa Mombasa mpaka leo huiita khanga kwa jina la leso, wala wengi hawakumbuki kwamba jina hilo latoka katika vile vipande sita.

Sasa tushike kazi. Tuseme mnataka mfarishi wa kumtosha mtu mmoja, upana wake futi 5 na urefu wake futi 6, yaani inchi 60 kwa inchi 72. Mtaugawa katika miraba mikubwa, kila mmoja inchi 12 kwa 12. Miraba mitano yaenda kwa upana na sita kwa urefu, jumla 30. Kila mraba mkubwa utaungwa kwa vipande vidogo tisa, vitatu kwa vitatu, kila kimoja inchi 4 kwa 4. Lakini msikate inchi 4. Mkishona vipande viwili pamoja, nguo kidogo hubaki nje ya mshono. Na tuiite ukingo. Ukingo wa kazi hii ni robo inchi kila upande. Basi kila kipande hukatwa inchi 4 na nusu, na baada ya kushonwa pande zote huonekana inchi 4 kamili.

Vipande vyote ni 30 mara 9, yaani 270. Je, mishono ni mingapi? Msihangaike kuihesabu mmoja mmoja. Kila mshono hufanya vitu viwili kuwa kimoja, kwa hiyo kila mshono hupunguza hesabu kwa kimoja. Kutoka vipande 270 mpaka kibaki kitu kimoja tu, mishono ni 269. Na pasi itapita juu ya mishono hiyo 269 yote, kila mmoja kwa zamu yake, kabla haujavukwa na mshono mwingine. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, tena ndiyo kubwa: mshono ukiisha kuvukwa na mwingine bila kupigwa pasi, haupati tena kulala sawasawa, hata mkiukandamiza kwa nguvu gani.

Mtu mvivu atauliza, «Kukosa kidogo kuna dhara gani?» Na ajibiwe kwa hesabu. Mshono usiopigwa vema huacha kikunjo kidogo kando ya uzi, nacho hula nguo. Tuseme kikunjo hicho kimekula sehemu moja ya 16 ya inchi, ambayo jicho haliioni. Katika upana wa mfarishi wetu kuna vipande 15, na kati yake mishono 14. Basi 14 mara sehemu moja ya 16 ni sehemu 14 za 16, yaani inchi moja kasoro thumuni. Mstari mmoja ukipigwa pasi vizuri, na wa chini yake ukipigwa vibaya, mmoja utapita mwingine karibu inchi nzima. Hapo mshonaji ataanza kuvuta huku na kukunja kule, na pembe za vipande hazitakutana kamwe.

Twende kwenye pasi yenyewe. Siku hizi nyumba nyingi zina umeme, lakini pasi ya makaa haijapotea, wala haitapotea upesi, kwani haiulizi kama umeme umekatika. Wengi wenu mwaijua: ni sanduku la chuma lenye kitako kinene kilicholainishwa, mpini wa mti, matundu ya kupitisha hewa, na kifuniko chenye komeo. Mara nyingi komeo hilo hufanywa kwa umbo la jogoo, nami sijapata kusikia sababu iliyonitosha. Makaa yawashwe nje, mpaka yamekuwa mekundu yote na moshi umekwisha. Kaa lililoshika moto nusu hutoa moshi na cheche, na cheche moja yatosha kutoboa nguo. Ukitaka kuchochea, toka nje uitikise pasi huku na huku ili upepo uingie matunduni. Usipulize kwa mdomo karibu na nguo, maana majivu hayana adabu.

Kabla ya kugusa nguo, kitako cha pasi na kisuguliwe juu ya jani la mgomba. Watu wa mlimani hawana haja ya kulitafuta mbali, kwani kihamba ki mlangoni. Jani husafisha masizi na kutu, tena hukifanya kitako kiteleze. Kisha kipangusieni kitambaa kikuukuu, mjaribu pasi juu ya kipande kisicho na thamani. Kikigeuka rangi ya kahawia, pasi ni kali mno, ngojeni. Kipande kilichoungua hakiponi kwa kufuliwa.

Wenye pasi ya umeme wana alama za nukta za kuwaongoza. Nukta moja ni joto la kadiri ya digrii 110, nukta mbili 150, nukta tatu 200. Pamba huvumilia nukta tatu. Sufu na hariri zataka joto dogo zaidi. Nailoni na polista ni nyuzi zilizotengenezwa viwandani, nazo zikipata moto mwingi hazisubiri kuungua kama pamba: hulainika, hung'aa, mwisho huyeyuka na kushikamana na pasi. Kwa sababu hiyo chagueni vipande kabla ya kushona. Vitenge vingine sokoni ni vya pamba na vingine vina polista, na muuzaji hasemi sikuzote. Vuteni uzi mmoja, mwalimu auchome nje kwa kibiriti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Ule wa polista hujikunja na kuacha kijidonge kigumu. Mkichanganya nguo hizo mbili katika mraba mmoja, pasi itakuwa kali kwa moja na baridi kwa nyingine.

Kwa nini nguo hutii pasi? Uzi wa pamba umefanyizwa kwa vinyuzi vidogo sana, na ndani ya kila kinyuzi mna chembe ndefu za kitu kiitwacho selulosi, zimelala zikishikana. Maji yakiingia kati yao hulegeza mshikano huo, na joto huzidi kuulegeza. Wakati huo nguo hukubali umbo lolote ilazimishwalo. Maji yakiisha kufukuzwa na joto, nguo ikapoa, chembe hushikana tena katika umbo jipya. Kwa hiyo mambo matatu hufanya kazi pamoja, nayo ni unyevu, joto na uzito; na la nne ni kupoa, ambalo husahauliwa. Nguo ikiinuliwa ingali moto na kutupwa kikapuni, itajikunja kwa umbo la kikapu, na kazi yote ni bure. Ilazeni mezani mpaka ipoe.

Meza itandikwe blanketi kuukuu, na juu yake shuka safi. Kisha mjue tofauti ya kupiga pasi shati na kukandamiza mshono. Shati husuguliwa, pasi ikienda mbele na kurudi nyuma. Mshono hausuguliwi. Shusheni pasi juu yake, iacheni itulie kadiri ya kuhesabu moja mpaka tano, iinueni kabisa, kisha mshushe mahali pa pili. Pasi ya makaa ni nzito, na uzito wake ndio unaofanya kazi. Mkono haupaswi kusukuma.

Sababu ya kutosukuma imo katika ufumaji wa nguo. Kila nguo iliyofumwa ina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu wa jora, na nyuzi za mshindio, zinazopita katikati yake kwa upana. Chukueni leso ya mkononi. Ivuteni kwa njia ya mtande: haifuati. Ivuteni kwa njia ya mshindio: yafuata kidogo. Sasa shikeni pembe mbili zinazoelekeana, mvute kwa hanamu. Mara leso yawa ndefu na nyembamba, wala hairudi vizuri kama ilivyokuwa. Pasi inayosukumwa hufanya hivyohivyo kwa kila kipande kilichokatwa hanamu, na wale wapendao mifarishi ya pembe tatu hupata taabu zaidi ya wengine, kwani kila pembe tatu ina ubavu mmoja wa hanamu. Kwa mfarishi wa kwanza, mimi nawashauri mshone miraba.

Mshono ukitoka cherehanini au mkononi, ukandamizeni kwanza ukiwa umefungwa, vipande vingali vimelaliana, kama ulivyoshonwa. Joto huulaza uzi ndani ya nguo na kuondoa yale makunyanzi madogo ambayo uzi uliovutwa hufanya. Hapo ndipo mfungue. Wekeni kipande cheusi juu na cheupe chini, mkifunue cheusi kama mtu afunuaye ukurasa wa kitabu, mkandamize kwa upande wa nje kutoka kwenye cheupe kuelekea cheusi. Pelekeni kidole mbele ya pasi, kwa mbali, kuhakikisha kwamba hakuna kikunjo kilichobaki kando ya uzi. Mkifanya hivyo, kingo zote mbili zitalala chini ya kipande cheusi.

Kwa nini chini ya cheusi? Geuzeni, mlaze kingo chini ya bafta nyeupe, kisha muinue kazi kuelekea dirishani. Mtaona mstari mweusi ukipenya kama uchafu usiofulika. Tena kulaza kingo zote upande mmoja kuna faida nyingine, hasa kwa wanaoshona kwa mkono. Mshono ukifunguliwa katikati, ukingo huku na ukingo huku, nguo ikivutwa mzigo wote huangukia uzi peke yake, na kati ya mishono pamba ya ndani hupata nafasi ya kutoka. Ukilazwa upande mmoja, nguo yenyewe hufunika ufa. Mafundi wa suruali na makoti wao hufungua mishono mingi katikati, nao wana haki, kwani watumia cherehani yenye mishono midogo ya nguvu, na wataka nguo ikae bapa mwilini. Katika mfarishi pia iko mahali pa kufungua: pale pembe nyingi zinapokutana mahali pamoja, kama katika nyota ya pembe nane. Kingo zote zikilazwa hapo upande mmoja, hufanya kinundu kigumu cha kuvunja sindano.

Sasa tazameni jambo zuri, ambalo mimi naona ndilo tamu kuliko yote katika kazi hii. Pangeni mraba wa vipande tisa hivi: mstari wa juu cheusi, cheupe, cheusi; wa kati cheupe, cheusi, cheupe; wa chini kama wa juu. Fuateni kanuni ya kulaza kila ukingo chini ya cheusi. Katika mstari wa juu kingo zitaelekea nje, huku na huku. Katika mstari wa kati zitaelekea ndani, kwa cheusi kilicho katikati. Katika mstari wa chini zitaelekea nje tena. Mkiweka mstari wa juu juu ya mstari wa kati ili kuishona pamoja, ukingo wa mmoja utaegemea ukingo wa mwingine kama milango miwili inayofungana. Papaseni kwa kidole gumba na cha shahada: mtasikia mishono miwili imekutana na kukataa kupita mbele. Pigeni bandi au mtie pini hapo, mshone. Pembe nne zitakutana kwenye nukta moja bila kupima tena. Kanuni moja ya rangi imefanya kazi mbili, imeficha weusi na imeelekeza mishono.

Ile mishono mirefu miwili inayounganisha mistari haina kanuni ya rangi, kwani kila mmoja unapita juu ya vyeusi na vyeupe pia. Ilazeni katika mraba huu kuelekea katikati, na katika mraba wa jirani kuelekea nje. Hivyo miraba mikubwa nayo itafungana ikiunganishwa.

Neno moja juu ya kufua. Vipande vifuliwe kabla ya kukatwa. Kitenge kipya kina wanga, na pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Kingine huchuja rangi. Ikiwa kitu hicho kitatokea baada ya mishono 269, hakuna pasi itakayowasaidia.

Hapa yafaa kusema habari ya hatari, kwa sababu huku mlimani baridi huwafanya watu wafunge milango na madirisha. Makaa yanayowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na makaa mekundu yasiyo na moshi, yale yale yanayofaa kwa pasi, huitoa vilevile. Mtu akiivuta, gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikashindwa kuchukua hewa ya uhai. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Na huo usingizi ndio mbaya, kwani aliyelala hasikii dalili nyingine. Kwa hiyo pasi ya makaa itumike barazani au mahali palipo wazi pande mbili. Kazi ikiisha makaa yamwagwe nje na kuzimwa kwa maji. Kamwe yasiachwe chumbani usiku ili kuwapasha watoto joto, hata wakiomba. Mwenzenu akilalamika kichwa karibu na pasi, mtoeni nje kwanza kwenye hewa, kisha mwite mtu mzima ampeleke kwa mganga wa hospitali.

Asiye na pasi asikate tamaa. Mshono wa pamba waweza kulazwa kwa ukucha wa kidole gumba, ukipitishwa kwa nguvu juu ya ubao mgumu, au kwa kijiti kilicholainishwa, nguo ikiwa na unyevu kidogo. Sufuria safi yenye maji yaliyochemka, iliyopanguswa chini, hufanya kazi ya pasi kwa dakika chache. Wako watu wanaoshona mifarishi mizuri bila pasi kabisa. Katika jimbo la Karnataka, huko India, wakaa Wasidi, ambao ni wazao wa Waafrika waliopelekwa huko zamani, wengine kama watumwa na wengine kama askari au mabaharia. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo zilizochakaa. Huanza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, wakiukunja ukingo wa kila kiraka kwa vidole na kuushika papo hapo kwa sindano, na katika pembe nne hutia viraka vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo maua. Wao hawaungi vipande kwa vipande kama sisi, huvishona juu ya nguo moja pana. Ndiyo maana vidole vyawatosha.

Mkiisha kuunga miraba yote 30, geuzeni kazi upande wa ndani, muitazame mbele ya mwanga. Nyuzi zilizoning'inia zikatwe, hasa nyeusi zilizo nyuma ya nyeupe. Pigeni pasi kwa mara ya mwisho, kwanza ndani, kisha nje, mkianza katikati na kwenda pembeni. Baada ya hapo tandikeni nguo ya chini, pamba, na hiyo ya juu, mpige bandi na kushona tabaka tatu pamoja. Tangu hapo pasi isiguse tena, kwani huibana pamba, na pamba iliyobanwa haishiki hewa, nayo hewa hiyo ndiyo ihifadhiyo joto la alalaye. Mfarishi ukifuliwa na uanikwe juani juu ya kamba, ukigeuzwa mara mbili tatu, na jioni ingizeni mkono kati ya mishono kuhakikisha kwamba pamba ya ndani imekauka. Ikiwa bado ni baridi kwa mkono, uanikeni tena kesho, kwani katika ukungu wa Julai pamba mbichi hufanya koga kwa siku chache tu.